Mfuniko wa Puakena

Kwetu ukiimbwa, unainuka. Hakuna cha mguu unaniuma, hakuna cha sijavaa vizuri. Wakikutungia wimbo wa kukusema, wawe wa upande wa pili au wa upande wako mwenyewe, unatoka ulipokaa, unasimama katikati ya ukumbi na unacheza huku unatabasamu mpaka wimbo uishe. Ukibaki umekaa umekiri mara mbili: umekiri ulichokifanya, na umekiri kwamba kinakuuma. Nimeona wanaume wa melini, mikono imejaa chale za bandarini, wakicheza nyimbo zinazowasema wake zao, meno yote nje. Ndiyo adabu yetu. Asiyeiweza aondoke kisiwani, na meli yenyewe inakuja inapojisikia.

Nayasema haya kwa sababu siku hizi watu wanamsimulia Puakena kana kwamba alikuwa mpumbavu. "Nani alimwambia ainuke?" Eti nani alimwambia! Wanaouliza hivyo wengine walikuwa wamekaa palepale, jasho linawatoka kwa kuimba. Mimi Sautia ni jirani yake, banda langu la kupikia na lake yanatazamana, na mdomo wangu hauna kufuli. Nisikilizeni mimi.

Mama mkwe wake, Bi Vaisua, alikuwa mtunzi wa upande wetu wa Kusini. Nyimbo zetu za kucheza ni fupi, mistari minne, pengine miwili, na hadithi imekwisha. Wanaume wanazunguka kasha la mbao na kulipiga kwa viganja, wanawake wanakaa nyuma yao wakiitikia, wachezaji wanasimama mbele. Wimbo unaanza taratibu, wa kinyonge kabisa. Unarudiwa. Kila ukirudiwa mwendo unaongezeka, sauti zinapanda, kasha linataka kupasuka, halafu unakatwa ghafla, pu! Mistari minne ukiisikia hivyo haikutoki tena mpaka kaburini. Kwa hiyo mtunzi mbaya hana madhara na mtu. Wa kuogopwa ni mtunzi mzuri, na Vaisua alikuwa mzuri, Mungu amsamehe. Alimwimba mchungaji aliyekuwa anasinzia kwenye ibada yake mwenyewe, maskini akaomba ahamishwe. Alimwimba dada yake wa tumbo moja, na yule dada hadi leo akipita hapa anapitia nyuma ya nyumba.

Puakena aliletwa kwa Vaisua kama mkaza mwana kutoka upande wa Kaskazini. Mumewe, Fakavae, ni baharia wa meli za watu wa mbali, anarudi nyumbani kama mgeni. Basi Kaskazini walisema huyu si wetu tena, na Kusini tukasema huyu bado si wetu. Msichana mwenyewe mpole, mikono haipumziki. Alikuwa na mimba changa baba mkwe wake alipofariki.

Mnajua msiba wa mtu mkubwa unavyokuwa. Kisiwa kizima kiko uani kwako na kila mtu ana njaa ya msibani, ile isiyoshiba. Puakena aliteka maji, akakuna nazi, akapika, akapakua, akaosha, akapika tena, tangu jana yake. Hakuna hata mmoja aliyemwambia, "Wewe nawe umekula?" Jeneza likiwa bado ndani, kengele ya kanisa haijalia, na mfiwa kuonekana anakula kabla ya hapo ni aibu, akashindwa. Akaenda nyuma ya banda na kichwa cha samaki kilichobaki chunguni, akachuchumaa, akala. Mara Vaisua huyo hapo, amekuja kutafuta kisu.

Puakena aliniambia mwenyewe kwamba mama mkwe wake hakukasirika. Alimtazama vizuri, kuanzia mashavu mpaka vidole. Akamwambia kwa sauti ya upole, "Kula, mwanangu." Akachukua kisu chake, akarudi kulia na wenzake.

Mwaka mpya ulipofika, pande zote mbili zikakaa ukumbini kushindana kama kawaida. Kaskazini waliimba wimbo wao mmoja wa ovyo wa kuisema mashua yetu. Vaisua akajifuta midomo kwa kitambaa, akatutolea huu:

*Jeneza lingali ndani, nani yule yu jikoni?*
*Shavu limevimba nini? Kichwa cha samaki ndani.*
*Kala nyama, kala ngozi, macho kayaacha chini,*
*Macho yakatazamana na maiti wa nyumbani.*

Nyie! Ukumbi ulipasuka. Kaskazini wenyewe waligaragara kwenye mikeka. Mama mkwe kumwimba mkaza mwana wake, tena kwa msiba wa mumewe mwenyewe, hilo lilikuwa halijawahi kuonekana. Puakena akainuka. Akacheza na kutabasamu, mkono mmoja juu na mwingine tumboni. Niliimba, ndiyo, na wewe ungekuwepo ungeimba. Wimbo mzuri haukuulizi kama unamhurumia mtu.

Baada ya hapo watoto wakaubeba. Puakena akitoka dukani na mkate, utasikia nyuma ya ukuta, "Shavu limevimba nini?" Akisogea kwenye sinia la karamu, mtu anakohoa kidogo kwa sauti ya ule wimbo, basi, na watu wanainamisha vichwa wakicheka. Akaacha kula mbele za watu. Kwenye karamu anapakua, anagawa, anasema nimekula nyumbani. Nyumbani anasema nimekula karamuni. Mimba ilitoka. Sisemi ni wimbo, mimi si daktari. Lakini haikuingia nyingine, na Fakavae alipopiga simu kutoka bandari gani sijui, alimwambia mkewe, "Ni wimbo tu, Puakena. Mama anatania."

Dawa ya wimbo wa namna hiyo ni moja tu: mfuniko. Aliyeutunga, yeye mwenyewe na si mwingine, anatunga wimbo mpya wa kumsifu yule yule, kwa sauti ile ile ya zamani ili ulale juu yake sawasawa. Ukishaimbwa ukumbini na mwenyewe akaucheza, ule wa kwanza umekufa. Atakayeuimba tena, hata mtoto, baba yake analeta nguruwe wa faini ukumbini. Ndiyo kitu pekee alichokitaka Puakena katika dunia hii. Si nyumba ya bati, si mume kurudi. Alitaka afunikwe, ale chakula chake mchana kweupe kama binadamu.

Miaka mingi akaomba. Vaisua anajibu, "Wimbo wangu mzuri kuliko zote niufunike kwa nini? Kwa sababu umenifulia shuka?" Puakena anaanika shuka, kesho anafua tena.

Mwaka jana, macho ya Vaisua yakaanza kufifia. Akahitaji wa kumshika mkono kwenda chooni na wa kumchambulia miiba ya samaki. Hapo ndipo moyo ukalainika, au tuseme shida ikaulainisha. Akasema mbele yangu, "Haya. Mwaka mpya huu nitakufunika. Na mfuniko wangu utakuwa mzuri, usije ukafikiri nitaulipua tu."

Ungemwona Puakena siku zile! Alikuwa akifagia uwanja anaimba kwa pua. Na yule bibi, kwa vile hakuweza kumpa mtu kitu bila kukizungusha kwanza mbele ya pua yake, akawa anamchezea.

"Nimeupata mstari wa kwanza."

"Unasemaje, mama?"

"Utausikia ukumbini."

"Neno moja tu, mama."

"Neno moja? Haya. 'Wewe.' Umeridhika?" Anacheka mpaka anakohoa.

Mstari wa pili aliupata. Wa tatu akasema unamsumbua. Siku moja asubuhi anaoga, tukasikia ndoo imeanguka. Tulipofika alikuwa chini, mdomo umekwenda upande, na alichoweza kusema ni "le, le, le." Muuguzi wa zahanati akasema kiharusi. Puakena alimuuliza jambo moja tu: "Atasema tena?" Muuguzi akasema wengine husema, wengi hawasemi.

Basi Puakena akaanza kazi. Mimi nimeuguza wazazi wangu wote wawili na sikuwauguza vile. Asubuhi anampaka mafuta ya nazi shavuni, anamkanda taya, anamnyoosha ulimi kwa kitambaa. Anamlisha uji kijiko kwa kijiko. Mchana anamkalisha, anachukua kifuniko cha sanduku, anampigia taratibu kwa kiganja kama wanaume wanavyopiga kasha, na kumwambia, "Sema nami, mama. Sema 'we-we'." Bibi anajibu "le, le."

Nikamwambia siku moja, "Puakena, unamkanda mtu au unaukanda wimbo?"

"Vyote viwili, shangazi." Wala hakuona haya. "Umo humu ndani. Sikiliza."

Nikasikiliza. Kweli, yule bibi alikuwa ananguruma kwa pua, na sauti ilikuwa ile, ya ule wimbo. Kila kiganja kilipogonga kifuniko, naye ananguruma. Maneno hapana, sauti tu.

"Si unaona?" Puakena akaninong'oneza, machozi yamemlenga. "Ni mfuniko wangu huo. Unatafuta njia ya kutokea."

Ningemwambia nini? Mfuniko na wimbo wa zamani sauti yao ni moja. Nilisema Mungu ni mkubwa, nikarudi kwenye moto wangu.

Mwaka mpya ukafika. Tukajaa kwenye ule ukumbi mkubwa, Kaskazini wamekaa kwao na sisi kwetu, vikapu vya chakula vimepangwa katikati na kufunikwa majani. Sheria ni kwamba wimbo wa kusemwa ujibiwe kabla vikapu havijafunguliwa. Usipojibiwa, upande umeshindwa, na wimbo unabaki na aliyeimbwa. Vaisua tulimbeba kwa kiti mpaka mbele, kwa sababu hata akiwa hana ulimi ni mtunzi wetu, na mwingine hatuna.

Kiongozi wa Kaskazini ni Kaitu, mtu mmoja mnene, mwenye sauti ya kuita nyangumi. Mkewe aliwahi kuimbwa na Vaisua, habari za ndevu, na Kaitu hakusahau. Alisimama akatusalimu kwa adabu zote, akatuombea afya, akamwombea "mama yetu mpendwa" apone. Nikajua tumekwisha. Kaskazini wakaanza, kinyonge kabisa:

*Kisu kimeota kutu, kilichokata wenzetu;*
*Leo hakikati kitu, chalishwa uji na watu.*

Wakarudia. Wakapandisha. Kaitu alikuwa amekunja mdomo wake upande mmoja, na kila mchezaji wao alikuwa amekunja wake, vijana kwa wazee, safu nzima midomo imepinda, mate yanawatoka makusudi. Watoto walicheka mpaka wakaanza kukohoa. Na sheria ni sheria: aliyeimbwa anainuka. Puakena akamshika bibi kwapa la kulia na mimi la kushoto, tukamwinua, tukamyumbisha. Alitabasamu kwa ile nusu iliyobaki. Mwili wake ulikuwa unatetemeka mikononi mwetu, na sitaki mtu aniambie ni uzee. Ilikuwa hasira.

Pu! Wakakata.

"Kusini!" Kaitu akaita, anajifuta jasho kwenye shingo. "Mna jibu? Au tuwaletee kijiko?"

Lagitupu, mzee wetu anayeongoza kasha, akatazama mkeka kana kwamba mistari imeandikwa pale. Nikamwambia, "Lagitupu, sema chochote! Mseme tumbo lake!" Akanijibu kwa hasira, "Sema wewe, si una mdomo!" Na mimi, na mdomo wangu huu wote, sikupata hata neno. Kaskazini wakaanza kugonga mikeka wakidai vikapu vifunguliwe. Kijana wao mmoja kweli akatoa kijiko.

Hapo Vaisua akaanza kunguruma.

Mwanzo nilidhani analia. Kisha nikaisikia ile sauti, ya chini, imekaa sawa kabisa, na mguu wake mzima ukagonga mkeka. Lagitupu akainua kichwa. Viganja vyake vikaenda kwenye kasha vyenyewe.

"Ndiyo huo!" Puakena akapiga ukelele. "Piga, mzee Lagitupu, piga! Amefungua! Ni mfuniko wangu!"

"Puakena, ngoja," nilimwambia. Wallahi nilimwambia. Nilikuwa nimeuona mdomo wa yule bibi ukijikusanya kama siku ya ule wimbo wa kwanza. Lakini tayari ameniachia uzito wote wa mama mkwe wake, amekwenda. Akasimama katikati ya ukumbi, pande zote mbili zinamwona, akakaza kitambaa kiunoni, akainua mikono. Sijawahi kumwona mzuri namna ile. Alikuwa bibi harusi upya. Na ukishasimama katikati hukai mpaka wimbo uishe, hiyo kila mtu anaijua tangu hajaota meno.

Vaisua akafungua mdomo. Yakatoka maneno, safi, moja moja, kama hakuwahi kuugua:

"Jeneza lingali ndani, nani yule yu jikoni?"

Mikono ya Puakena ilibaki juu. Haikushuka, haikusogea. Alikuwa bado anatabasamu, maana uso ulikuwa haujapata habari.

Wengine wanasema bibi alifanya makusudi, kwamba alitaka ushindi na hakuwa na silaha nyingine. Wengine wanasema alikuwa anayatafuta yale maneno mapya, akashika ya zamani kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa karibu na mlango. Mimi nilikuwa nimemshika. Jicho lake zima lilikuwa linamwaga machozi, na mguu wake haukukosa pigo hata moja. Mnieleweshe nyie hayo ni nini, mimi sijui.

Mstari wa kwanza aliuimba peke yake. Wa pili, wanawake wa Kusini wakaitikia kabla hawajafikiri. Mtunzi wetu amesema! Miezi yote hii ulimi umekufa, leo umefufuka mbele ya Kaitu! Nani angenyamaza? Wakarudia kwa sauti kubwa, na Lagitupu, anacheka na kulia, akapandisha mwendo. Mara ya tatu Kaskazini nao wakaingia, kwa kuwa wanaujua, kisiwa kizima kinaujua. Yule kijana akatupa kijiko chake chini na kupiga makofi.

Na Puakena akacheza. Angefanya nini? Akageuza kiganja kwenye shavu, akageuza kiganja mdomoni, mwili unakumbuka kila kitu. Tabasamu lilikuwa palepale. Wanawake wakamkimbilia kumtuza kama anavyotuzwa mchezaji mzuri. Huyu anammwagia marashi shingoni, huyu anamwaga poda kichwani, mwingine anamsukumia nguo mpya kwapani. Poda ikamjaa usoni, ikachanganyika na maji ya macho, ikawa uji. Wakadhani ni jasho la furaha. "Cheza, Puakena, cheza!" Mwendo ukapanda, maneno hayasikiki tena, ni "macho-macho-macho" na kasha, na Vaisua mikononi mwangu anavuta pumzi kama mtu anayezama na bado anaimba. Kisha Lagitupu akakata, pu!

Kaitu alikuwa amelala chali anashika tumbo. Alipoweza kusema alisema, "Basi! Basi, tumeshindwa! Kisu hakina kutu!" Kusini tukashinda. Wazee walikumbatiana, watu wakamwinua Vaisua na kiti chake wakamzungusha ukumbini. Vikapu vikafunguliwa. Walimletea Puakena sinia la kwanza, kwa heshima, wamelipamba kwa maua, wakamzunguka ili wamwone anakula. Alilishika sinia lile magotini mpaka chakula kikapoa.

Kesho yake alikwenda kwa Lagitupu na wazee wenzake. Nilimsindikiza, kwa sababu mtu asiyekula anaweza kuanguka njiani.

"Naomba muuzuie ule wimbo," aliwaambia. "Mwenye kunifunika hawezi tena. Uzuieni nyie."

Lagitupu alikuwa na furaha bado, uso unang'aa. "Mwanangu, umetuokoa. Ulivyoinuka! Hata hatujakuita, umeinuka. Watu wataongea habari zako miaka."

"Naomba muuzuie, baba."

"Ah, sasa. Wimbo ulioshinda mwaka mpya hauzuiliwi. Huo sasa ni wa ukumbi, si wako wala wa mama yako." Akatazama wenzake, wakatikisa vichwa. "Na kufunika anafunika aliyetunga. Mwombee apone."

"Nyie wazee hamna haya," nikasema. "Kaskazini wamecheka na nyie mmecheka. Aliyelia nani?"

"Sautia, nenda kapike," Lagitupu akaniambia.

Basi ikabaki hivyo. Kisha likazuka jambo ambalo muuguzi anasema lipo kwenye vitabu vyao: mtu ulimi unakufa kwa kusema lakini kwa kuimba unabaki hai. Tukamjaribu Vaisua kwa nyimbo za kanisa, akatutumbulia macho. Tukamjaribu kwa nyimbo zake nyingine, ule wa mchungaji, ule wa ndevu, hakuna. Ana huo mmoja tu. Kwa huo anaomba kila kitu. Akitaka chooni, "Jeneza lingali ndani." Akisikia baridi, "Jeneza lingali ndani." Asubuhi nikiwasha moto naanza kuusikia ng'ambo, na mwenye kuambiwa ni yule yule anayembadilisha nguo.

Juzi jua likiwa la utosi niliusikia unaimbwa, ukaimbwa, ukaimbwa, na kifuniko cha sanduku kinagongwa. Nikavuka kwenda kuona. Vaisua amekalishwa ukutani, midomo imekauka, imepasuka. Puakena amekaa mbele yake, kikombe cha maji kiko kwenye mkeka kati yao, na kiganja chake kinapiga. Bibi akimaliza mstari wa nne na kunyoosha mkono, Puakena anakivuta kikombe nyuma kidogo.

"Mtoto, mpe maji!" nikapiga kelele.

"Nitampa, shangazi." Hakunigeukia. Sauti yake ilikuwa ya upole kabisa. "Ule mwingine uko chini ya huu. Alishaupata mstari wa kwanza na wa pili, aliniambia mwenyewe. Nataka tu huu umwishe kwanza."

"Hautamwisha, Puakena."

"Utakwisha. Kila kitu kinakwisha." Akainama, akamfuta mama mkwe wake mate kwa ncha ya kanga, taratibu, asimuumize. "Huu nimeshausikia, mama. Nipe ule wangu. Anza: we-we."

Vaisua alikitazama kikombe. Akamtazama mkwewe. Akafungua mdomo, na hata mimi nilisogea karibu kusikiliza.

"Jeneza," akaanza.

Puakena akaongeza mwendo.